Nani Anafua Shuka la Mtoto

Mwingine alikuja juzi. Nilikuwa uani hapa kwangu Mlandege nageuza mahindi niliyoanika, geti likagongwa kwa adabu nyingi kupita kiasi, nikajua tayari, huyu ana shida ya mahakamani. Akaingia kijana mtanashati, shati limepigwa pasi, simu mkononi. "Shikamoo mama ustawi." Marahaba, baba. Nimeshastaafu ustawi wa jamii, lakini mji huu ukikubandika jina, halibanduki. Kabla chai haijafika mezani akaniambia anataka ful kastodi.

Ndivyo mnavyosema siku hizi, ful kastodi. Zamani baba akija ofisini alisema tu "namtaka mwanangu," akakaa kimya akisubiri nimtolee mtoto kwenye droo. Nyie mmesoma kwenye simu, mnakuja na msamiati. Nikamwambia sawa, nionyeshe ushahidi wako. Akafungua simu. Mama wa mtoto anacheza kwenye kicheni pati. Mama wa mtoto kavaa gauni linaloishia magotini. Mama wa mtoto kaandika mafumbo kwenye status, na yeye ana uhakika yanamhusu. Kijana anapangusa kioo, picha haziishi.

"Na mtoto yuko wapi humo?" nikauliza.

"Mtoto gani, mama?"

"Si huyo unayemtaka?"

Akapangusa tena kwa muda, akasema za mtoto zipo kwenye simu ya zamani.

Wanangu wa kiume, mnanichosha. Nawapenda, lakini mnanichosha. Nimekaa kazini miaka mingi, nikaanzia Mbeya, nikamalizia Mufindi, na kila baba aliyepita mezani kwangu alikosea palepale alipokosea mwenzake. Basi leo naandika. Ukija kugonga geti langu nitakuuliza kwanza kama umesoma hapa, na kama hujasoma utageuza mahindi mpaka jioni.

Kazi yangu ilikuwa hivi. Wazazi wakigombea mtoto mahakamani, hakimu anataka mtu aende akaone nyumba kwa macho yake: mtoto anaishi wapi, wanataka kumpeleka wapi, nani anamfanyia nini. Mtu huyo ndiye mimi. Naenda, natazama, naongea na mtoto, naandika taarifa, namkabidhi hakimu. Mimi siamui. Hilo watu hawalielewi mpaka kesho. Nimewahi kuletewa kuku, debe la viazi, mara moja parachichi kiroba kizima, na wote niliwarudisha na mizigo yao huku wakininunia.

Bosi wangu wa kwanza kule Mbeya alikuwa Mnyakyusa mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, Mzee Ambindwile. Huyo ndiye aliyenifundisha. Siku yangu ya kwanza kwenda kwenye nyumba ya watu nilirudi na karatasi imejaa: vyumba vingapi, bati au nyasi, kuna choo, kuna umeme. Akaisoma, akanirudishia. "Binti, umekwenda kununua nyumba?" Akaniambia nyumba hazilei. Akaniambia tena nisipoteze muda kuuliza nani anampenda mtoto, maana wote watasema mimi, na wote watalia. "Fika saa ya uji. Kaa kimya. Tazama nani anajua kijiko cha mtoto kiko wapi."

Nilidhani ni utani wa wazee. Mpaka nastaafu sikupata njia iliyoishinda hiyo.

Sasa nyie mnafanya nini? Kwanza, mnawafundisha watoto maneno. Kule Mbeya kulikuwa na baba mmoja mfanyabiashara, mtu wa pwani, mwenye duka la vitambaa, mcha Mungu kabisa, aliniletea binti yake wa chekechea. Mtoto akasimama wima mbele yangu, mikono nyuma, akasema, "Mama hanipatii mahitaji yangu ya msingi." Nikamwuliza, mwanangu, mahitaji ya msingi ni nini? Akafikiri. "Ni soda." Baba yake alitazama dari. Nilitaka kucheka na nilitaka kumchapa huyo baba, vyote kwa pamoja. Mtoto uliyemkaririsha hakusaidii. Unachomwonyesha hakimu ni kwamba uko tayari kumtumia mtoto kwa faida yako.

Pili, mnaiba. Ndiyo, naita kuiba. Baba anakwenda shuleni mchana, anamchukua mtoto kwa pikipiki, anampeleka kwa bibi yake Kilolo ndani huko, halafu anakuja ofisini kifua mbele: "Mtoto yuko salama kwa ukoo wake." Yuko salama na nani? Na bibi mwenye magoti mabovu, anayeamka alfajiri kukoka moto. Na wewe uko wapi? Uko mjini. Kwa hiyo umemnyang'anya mtoto mama yake ili akalelewe na mama yako. Mkishafanya hivyo mnashangaa hakimu anakunja uso.

Na mnakuja na wazee. Ukoo mzima, makoti meusi, kofia, mmoja kabeba fimbo. Wanasema mahari ilitolewa, mtoto ni wa kwetu. Mimi ni Mbena, mila hizo nimezaliwa ndani yake na siwezi kuzibeza. Lakini sheria haisemi mtoto ni wa nani, inauliza mtoto atakuwa na hali njema wapi. Na kwa mtoto mdogo wa chini ya miaka saba, hakimu anaanza kwa kudhani ni vizuri zaidi akae na mama. Anaanza hapo. Anaweza kuondoka hapo, ila lazima umpe sababu ya kuondoka, na sababu hiyo haiwezi kuwa koti la baba yako mkubwa.

Mkiniuliza basi sababu ni ipi, sitawapa orodha. Nitawaambia habari ya Gasto, maana ndiye aliyeniudhi kuliko wote. Waongo, wagomvi na wale wa kuiba watoto niliwazoea. Gasto aliniudhi kwa sababu alikuwa na kesi nzuri.

Gasto alikuwa fundi wa mashine ya kupasua mbao huko Igowole, Mufindi. Mkewe, Atupele, alikuwa binti wa Mbeya. Waligombana, kama watu wanavyogombana, ndoa ikavunjwa, Atupele akarudi kwao Mbeya kuanza upya. Akapata kizimba sokoni Mwanjelwa, akawa anauza nguo za mtumba. Mtoto wao, Yusto, alibaki Igowole na baba kwa makubaliano yao wenyewe mpaka mama atakaposimama. Mama akasimama. Akapanga vyumba viwili, akanunua kitanda kidogo, akaja kumchukua mwanawe. Gasto akakataa. Wakafika mahakamani, na mtoto alikuwa bado hajaanza darasa la kwanza.

Nilikwenda kwa mama kwanza. Sikumkuta na kosa. Nyumba safi, mwanamke mpole, anajibu anachoulizwa. Nilipomwuliza Yusto analalaje, akasema, "Mama, nisikudanganye. Alivyokuwa mwaka uliopita najua. Alivyo sasa sijui." Nikampenda kwa jibu hilo.

Kisha nikaenda Igowole. Ilikuwa miezi ile ya kipupwe. Ukungu umeshuka mpaka chini, asubuhi huoni nyumba ya jirani, na ukianika nguo leo unaanua kesho kutwa ikiwa mbichi vilevile. Nilifika saa ya uji kama nilivyofundishwa. Gasto alikuwa ameshajulishwa kwamba nakuja wiki hiyo, sio siku. Akafungua mlango amevaa suti. Suti, asubuhi ile! Nikajua amekuwa akiivaa kila siku tangu Jumatatu kunisubiri.

"Kamwene, mama. Karibu. Huyu ni dada yangu, Veneranda. Ndiye anayemlea mtoto. Anashinda hapa kila siku, anapika, anafua, kila kitu."

Veneranda akapiga goti akanisalimu. Mwanamke mnene mchangamfu, amejifunga kanga mpya yenye mikunjo ya dukani. Nikakaa. Nikasema baridi imenipata njiani, naomba uji kama upo.

"Upo, mama, nakoroga sasa hivi," akasema Veneranda, akaelekea jikoni. Jiko lilikuwa kibanda cha nyuma, mlango wake unatazamana na mlango wa uani, kwa hiyo pale nilipokaa nilimwona vizuri. Akafunua ndoo ya kwanza: maji. Akafunua ya pili: pumba. Akafungua kabati, ikatoka misumeno na kopo la misumari. Akasimama katikati ya jiko akishika kiuno. Ananiona ninavyomwona.

Gasto alikuwa anaongea nami habari za bei ya mbao, lakini goti lake lilikuwa linacheza. Veneranda akafungua mkebe wa majani ya chai, akaunusa. Goti likazidi.

"Unga uko ndoo nyeupe, Vene," akasema hatimaye, bila kugeuka. "Juu ya dari, panya wasiufikie."

"Ee, nilisahau."

"Na sukari iko ndani ya sufuria ndogo, iliyofunikwa na sahani."

"Najua, kaka."

"Usikoroge na maji ya moto, utapata mabonge. Anza na baridi. Mwiko uko…" Hapo akanitazama, akaacha.

Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi yangu nikijifanya naandika. Nilikuwa naziba mdomo nisicheke.

Akaja Yusto kutoka nje, sweta mbili, mashavu yamepakwa mafuta yanang'aa, pua inatiririka. Akajikwaa kwenye kizingiti, akaanguka, akaanza kulia. Shangazi yake alikuwa amekuja kuulizia mwiko, yuko hapo karibu kabisa mlangoni, akanyoosha mikono. Mtoto akapita chini ya mikono ile kama hakuiona, akaenda kujichomeka katikati ya magoti ya baba. Na Gasto, huku bado ananiambia habari ya mbao, akatoa kitambaa kwenye mfuko wa ndani wa suti, akampangusa pua mara moja, akageuza kitambaa, akapangusa tena, akakirudisha mfukoni. Mkono ulifanya wenyewe. Aliposhtuka nilikuwa namtazama.

Nilizunguka nyuma kuona pa kuanikia. Kamba ya nje ilikuwa tupu. Ndani ya jiko, juu ya moto wa kuni, kulikuwa na kamba nyingine, na juu yake shuka la mtoto, blanketi dogo na bukta mbili, vyote vimekauka na vinanuka moshi. Nikaelewa. Mtoto anakojoa kitandani, na kuna mtu anafua kila siku na kukausha kwa siri.

Nikamwita Gasto tukasimama nje kwenye rundo la mbao zake. "Nani anafua haya?"

"Dada."

"Gasto."

Akakaa kwenye mbao na suti yake. Akasema anafua yeye. Mtoto alianza kukojoa mama yake alipoondoka. Siku za mwanzo alikuwa anaanika nje kama watu wote, wenzake wa mashineni wakaona, wakaanza kumwita mama Yusto. Mama Yusto lete gogo, mama Yusto umepika nini leo. Baba yake mkubwa, aliyemlea tangu baba mzazi alipofariki, alikuja akamkuta amemweka mtoto kwenye beseni anamwosha. Hakufoka. Alisema tu, "Sikujua tumezaa wa namna hii," akachukua kofia yake, akaondoka bila kula. Tangu hapo Gasto akatangaza kwamba dada yake ndiye anayelea. Akahamishia kamba ndani.

"Veneranda anakuja mara ngapi?"

"Akipata nafasi. Ana watoto wake, mama. Jumapili hupita baada ya kanisa."

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo nilipoanza kupandwa na hasira. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza nyie. Mtoto huyu yuko chini ya miaka saba. Mama yake yupo, ni mzima, hana baya, na ana mahali pa kumlaza. Una kitu kimoja tu cha kumwambia hakimu, nacho ni kwamba mtoto huyu amezoea mikono yako, na kumwondoa kwenye mikono hiyo ni kumwumiza. Hicho ndicho ulichonacho. Nyumba, mbao, shamba lako la parachichi, hivyo Atupele naye atavipata taratibu. Ukisema dada ndiye anayelea, umekwisha, kwa sababu hakuna hakimu atakayemnyima mama mtoto ili ampe shangazi.

"Mama, wazee watakuja mahakamani. Baba mkubwa atakuwepo."

"Na awepo."

"Nisimame mbele yake niseme naosha matandiko ya mkojo?"

"Gasto, mficha uchi hazai."

Akacheka kidogo, cheko la mtu asiyekuwa na raha. Akasema, "Wewe andika, mama. Mimi sitakataa." Hayo ni maneno yake mwenyewe. Veneranda alitutolea uji. Ulikuwa na mabonge.

Nikaandika. Niliandika kila nilichoona, kuanzia ndoo nyeupe mpaka kitambaa cha mfukoni, na kwamba mtoto aliniambia baba ndiye anayemtoa kitandani asubuhi kabla hajaona baridi, anamvingirisha kwenye koti lake. Niliandika pia mazuri ya mama, maana yalikuwepo. Nilijua taarifa ile ina nguvu. Nilijua pia kwamba taarifa ya afisa ni maneno ya mtu wa nje, na hakimu lazima amsikie mwenye kesi mwenyewe.

Siku ya kusikilizwa chumba kilijaa. Wazee walikaa benchi la mbele, baba mkubwa katikati, mzee mrefu mkavu, kofia juu ya goti. Hakimu alikuwa mwanamke kijana, mtulivu. Gasto alikuja na suti ileile. Akaulizwa mazingira ya mtoto, akajibu vizuri: nyumba yake mwenyewe, shamba, kazi, kanisa. Nani anamhudumia mtoto? Akasema, "Dada yangu, mheshimiwa."

Nilimtazama kwa jicho ambalo wanangu wa kuzaa wanalijua. Hakunitazama.

Ikafika zamu ya Atupele kumwuliza maswali. Alisimama, hakuwa na wakili, hakuwa na karatasi. Aliuliza swali moja tu. "Baba Yusto, kama anayemlea ni dada yako, mimi mama yake nimeshindwa nini na dada yako?"

Gasto akafunga kifungo cha suti, akakifungua tena.

Hakimu akafungua taarifa yangu. Hakimu yule alifanya kazi yake, siwezi kumlaumu hata kidogo, alimpa nafasi. Akasema, "Afisa ustawi ameandika kwamba wewe mwenyewe ndiye unayempikia mtoto, unayemwogesha, unayefua matandiko yake. Je, ni kweli?"

Hapo ndipo kesi nzima ilipokuwa. Neno moja. Nilikuwa nimekaa nyuma yake kidogo, nikaona shingo yake inavyogeuka kuelekea benchi la mbele, kwa yule mzee mwenye kofia gotini.

"Mheshimiwa, afisa ni kama mama yangu, namheshimu," akasema. "Lakini hapo hakunielewa. Mimi nashinda mashineni. Mwanaume mzima nifue mashuka?"

Watu wakacheka. Benchi la wazee likatikisika, mmoja akampiga mwenzake begani. Baba mkubwa hakucheka, aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyelipwa heshima yake. Na mimi nikashika tama. Wanangu, nimekaa kwenye vyumba vile miaka mingi, nimeona watu wakinyimwa haki kwa kuonewa, kwa umaskini, kwa kukosa wa kuwasemea. Huyu alisimamishwa, akapewa nafasi, akajinyima mwenyewe kwa Kiswahili fasaha.

Uamuzi ulisomwa siku nyingine. Mtoto akae na mama. Baba awe na haki ya kumwona na kukaa naye likizo, na achangie matunzo. Hakimu alieleza sababu bila kuzungukazunguka: baba mwenyewe amekiri kwamba malezi ya kila siku yako mikononi mwa mtu mwingine, na mama yupo tayari kulea kwa mikono yake. Ningekuwa mimi ningeandika hivyohivyo. Nilimweleza Gasto kwamba amri ya mtoto inaweza kuombewa mabadiliko mbele ya safari kama mambo yatabadilika, na nawaambia nanyi mlijue hilo. Lakini msilitegemee. Mtoto akishazoea mikono mingine, sababu ileile uliyokuwa nayo inahamia kwa mwenzako.

Siku hiyo ya uamuzi tukatoka nje. Jua lilikuwa limetoka, jua lile la Mufindi lisilopasha. Yusto alikuwa ameletwa na shangazi yake, kabegi kake kamefungwa tayari, anacheza na vifuniko vya soda chini ya ukuta. Wazee walisimama pembeni wakizungumza habari ya usafiri wa kurudi. Mimi nilikuwa natafuta pa kupitia nisiongee na mtu.

Atupele akamfuata Gasto. Nilidhani watagombana, nikasogea. Lakini aliuliza kwa sauti ya chini, "Baba Yusto, asubuhi anakula nini?"

Gasto akatazama chini kwanza. Kisha akaanza.

"Uji wa ulezi. Usitie sukari nyingi, inamuumiza jino la nyuma, hili la kushoto. Ukimpa kwenye kikombe hanywi, mpe kwenye bakuli. Jioni usimpe chai, mpe maziwa kidogo mapema, halafu basi. Kabla ya kulala mpeleke nje hata akisema hana. Akikojoa usimseme, analia ndani kwa ndani huwezi kumsikia, utaona mabega tu. Mwambie ni maji yamemwagika, tunaanika. Mimi humwambia hivyo. Shuka ukifua tia chumvi kwenye maji, harufu inatoka. Mafuta mpake mashavu kabla hajatoka nje, sio akisharudi, akisharudi yameshapasuka inamuuma. Kuna wimbo anataka wakati wa kuoga, ni ule wa kwaya ya watoto, mstari wa pili haujui, ukifika hapo unaimba wewe. Akiamka anaita baba. Atakuita baba siku za mwanzo, usikasirike, ni mazoea tu."

Atupele alikuwa anaitikia kila neno, ameziba mdomo kwa mtandio. Gasto hakukoma. Alikuwa ameinama sasa, anamvalisha Yusto sweta ya pili, anatoa mkono mmoja, anatoa wa pili, na bado anaongea: viatu vinambana kidole, asilale na soksi, mbwa anawaogopa lakini hasemi.

Sikujua baba mkubwa amesogea lini. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi. Alisikiliza mpaka Gasto akaishiwa.

"Haya yote ulikuwa unafanya wewe?"

Gasto akabaki ameinama, vidole kwenye kifungo cha mwisho cha sweta. "Ndiyo, baba."

Mzee akavaa kofia yake. Nilijiandaa kumjibu, nilikuwa na maneno mengi tumboni ya siku nyingi. Lakini alipofungua mdomo sauti yake haikuwa ya ukali.

"Sasa mbona hukuyasema mle ndani?"

Akamshika Gasto kwenye kiwiko, akamwinua. "Rudi. Rudi ukamwambie hakimu. Twende, nitakusindikiza."

Tukageuka sote kutazama mlango. Karani alikuwa ameshaita kesi nyingine.